Mwaka wa Kufululiza Hadithi ya Haji

Bwana Khatibu alizikwa Jumatano, na hitima yake ikasomwa Ijumaa iliyofuata. Sisi wanawake tulikaa ghorofani, kwenye chumba kirefu kilichotandikwa mikeka, na baada ya dua sahani za sambusa zilipoanza kupita, mama mmoja wa makamo aliyekaa ubavuni mwangu alijitambulisha kuwa ni katika wanaokusanya maneno ya kamusi. Kasikia kwamba nilifanya kazi na marehemu miaka mingi nikimsomea prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa. "Bi Zuwena," aliniuliza, "hili neno 'kufululiza', kwa maana ya kutoa hadithi gazetini, ni la Bwana Khatibu kweli?" Nikamwambia kwamba neno ni la watu wote, hayo matumizi tu ndiyo yake: kuchapisha hadithi ndefu kipande kwa kipande, toleo baada ya toleo, mpaka imalizike. Akataka sentensi ya mfano. Nikampa: gazeti liliifululiza hadithi hiyo kwa muda wa mwaka mzima. Akaiandika vizuri, akanishukuru, akageukia sambusa zake. Mimi sikula. Niliaga mapema nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo mwaka ule haunitoki kichwani. Nimeusimulia vipande vipande kwa watoto wangu, wala sijawahi kuusimulia wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mke wa Haji kwa mwaka mmoja na miezi. Tulikaa na mama yake, Bi Mize, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba iliyokuwa ikiingia mvua upande wa kusini. Tulikuwa na vyumba viwili, jiko, na ukumbi mdogo uliokatwa na pazia la kitambaa cha buluu. Chini yetu alikaa Mwalimu Saada, mwalimu mstaafu aliyekuwa hana mtoto wala paka. Haji alikuwa karani shambani Kizimbani. Aliondoka alfajiri na baskeli, akirudi alasiri na harufu ya karafuu kwenye mfuko wa shati. Akishakula ndipo akikaa kuandika. Hadithi yake ilitoka kila Ijumaa katika gazeti dogo la Bwana Khatibu. Mwandiko wa Haji ulikuwa kama nyayo za kuku, hata mwenyewe ukimshinda, kwa hiyo kila alichoandika nilikinakili mimi kwa mkono wangu. Bwana Khatibu hakuwahi kuuona mwandiko wa Haji. Jambo hilo lilikuwa dogo wakati ule.

Hadithi ilimhusu kijana anayeitwa Makame, aliyempenda msichana wa Kidichi, na kaka zake msichana wakawa wanamtafuta kwa marungu. Katika sehemu ya kumi na moja Makame alijificha ndani ya hamamu, nyumba ya kuogea ya masultani wa zamani huko Kidichi, na mlinzi, asijue kama kuna mtu, akafunga mlango akaenda zake. Sehemu hiyo ilitoka Ijumaa. Jumamosi Haji alishikwa na homa, Jumatatu adhuhuri alifariki. Nilikuwa nimekwenda jikoni kumtilia maji ya ndimu, na niliporudi Mwalimu Saada alikuwa ameshamfunga taya kwa kitambaa. Bi Mize alikaa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, hakulia. Hakulia siku ile, wala jeneza lilipoteremshwa ngazini, wala usiku wa tanga. Watu walisema ana imani kubwa. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kuwa si imani. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo hapo, anaitwa sasa hivi.

Nikaanza kukaa eda. Miezi minne na siku kumi. Kizuka, yaani mjane aliye edani, haoni wanaume wasio maharimu zake, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Nilizijua sheria hizo tangu utotoni na niliwaona majirani wakizifuata, lakini sikujua urefu wa siku moja ndani ya chumba. Dirisha letu lilitazama uchochoro mwembamba, na ng'ambo yake kulikuwa na ukuta wa nyumba nyingine usiokuwa na dirisha. Niliujua ukuta ule kama kiganja changu: palipobanduka chokaa, palipoota jani, mpaka kivuli kilikofika saa nne na kilikofika saa tisa. Sauti ndizo zilizokuwa na uhuru wa kuingia. Asubuhi mwanamke mmoja akimgombeza mumewe kwa kuwa hatii sukari kwenye chai, eti ni dharau kwa mpishi. Mchana wauza samaki. Alasiri wasichana wakitoka chuoni, wakicheka kitu nisichokiona.

Siku ya tatu baada ya maziko, Bwana Khatibu alipanda ngazi. Nilikuwa nyuma ya pazia la buluu, Bi Mize mbele yake.

"Hodi. Assalaamu alaykum. Bi Mize, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nnaona haya kuuliza leo," alisema, "lakini watu wananisimamisha njiani. Wanataka kujua Makame katokaje hamamuni. Marehemu kaacha chochote?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Bi Mize alinitangulia.

"Kaacha. Kaacha bahasha nzima, imejaa. Imo kwenye mtoto wa meza. Mwenyewe alikuwa akinionesha: mama, kazi yangu yote imo humu. Mkewe ndiye anayemnakilia. Atakunakilia."

Bahasha niliijua. Kwa kweli ilijaa: fomu za likizo zilizoharibika, ambazo Haji alipewa kazini ili aandike kwa nyuma. Zote zilikuwa hazijaandikwa kitu. Bi Mize hakujua kusoma. Aliona karatasi, akaona mwanawe akiziweka kwa heshima, akajua ni kazi. Na lile neno lake, kaacha, lilikuwa neno la kwanza lenye uhai kutoka kinywani mwake tangu Jumatatu. Nimejiuliza miaka yote hii ingelikuwaje ningelipata ujasiri wa sentensi moja. Bwana Khatibu alisubiri, nikasikia ngazi ikilia chini ya viatu vyake. "Bi Zuwena?" akauliza. Nikajibu, "Naam. Nitanakili."

Basi nikaandika. Niliandika asubuhi, Bi Mize akipika, juu ya meza ile ile, nyuma ya fomu zile zile. Kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa Makame hamamuni, na sikuweza. Haji alijua barabara za shamba, vichaka, kaka zake msichana wanavyotembea na wanavyotukana. Mimi nilijua chumba. Kwa hiyo Makame alibaki. Nikaandika ukuta, nikaandika mwanga unaoingia kwenye matundu ya kuba na jinsi unavyotambaa sakafuni, nikaandika sauti za wapita njia. Mke anayemgombeza mumewe kwa sukari nilimhamishia Kidichi mzima mzima. Jumanne Bi Mize alikunja karatasi, akazitia ndani ya kikapu, akakiteremsha dirishani kwa kamba mpaka mikononi mwa Bwana Khatibu. Hakukubali mwingine ashike ile kamba. Alikiteremsha polepole, kama kwamba ndani mna mayai.

Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, Mwalimu Saada alipanda na gazeti. Tulikaa ukumbini, chai ya mchaichai katikati na mkate wa ufuta uliokatwa, naye akasoma kwa sauti ile ya darasani ambayo haikumwacha hata baada ya kustaafu. Nilitazama miguu yangu. Nilitarajia aache kusoma aseme, huyu si Haji. Alisoma mpaka mwisho. Bi Mize alishika kikombe bila kunywa.

"Maskini," alisema. "Atakula nini humo?"

Wiki iliyofuata nikamtia bibi kizee anayempenyezea Makame muhogo wa kuchemsha kwenye tundu la maji. Bi Mize aliposikia alipiga goti lake kwa kiganja. "Hamuoni? Kanisikia! Haji hawezi kumwacha mtu na njaa." Mchana ule alikula sahani nzima ya wali na mchuzi wa ngisi, naye tangu msibani alikuwa akidonoa tu. Mwalimu Saada alinitupia jicho akafurahi. Nami nilifurahi, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani, kwa kuwa nilikuwa nimefahamu kwamba wiki ijayo nitalazimika kumlisha tena.

Neno lenyewe liliingia mwezi wa pili. Bwana Khatibu alikuwa mtu wa lugha, hakupenda kuazima pale anapoweza kutumia cha nyumbani, akaanza kuweka juu ya hadithi maneno haya: "Hadithi tunayoifululiza." Ijumaa ya pili ikaja barua ya msomaji wa Mpendae, naye kakasirika hasa. Kufululiza, aliandika, ni kwenda moja kwa moja pasi na kusimama. Mvua hufululiza. Mgeni asiyetaka kulala njiani hufululiza mpaka kwake. Nyinyi mnasimama kila wiki, tena mahali pabaya kuliko pote. Huko si kufululiza, ni kukatakata. Akapendekeza "kumega", kwa kuwa msomaji anamegewa tonge. Bwana Khatibu akamjibu kwamba tasbihi ni punje moja moja na baina yake pana nafasi, lakini aivutaye anafululiza, kwa sababu uzi ni mmoja. Akaandika mwingine kwamba uzi si hoja, hoja ni mkono. Barua zikaja wiki nne. Mwalimu Saada alizisoma zote kabla ya hadithi, akitoa hukumu kama anasahihisha daftari.

"Nyie mnajisumbua," Bi Mize alisema siku moja. "Masika inafululiza, sio? Na inapumzika. Asubuhi jua, watu wanaanika nguo, lakini kila mtu anajua haijesha. Ikisha ndio si masika tena." Akanigeukia. "Na hii ya Haji ifululize hivyo hivyo. Isinikatikie."

Nilimwelewa siku ile. Bwana Khatibu kwa neno lile alimaanisha kitu chenye mwisho kinachofikiwa kwa vituo. Bi Mize alimaanisha kisichokoma. Mimi nilikuwa katikati, kalamu mkononi, na kila nilipojaribu kumsogeza Makame karibu na mlango nilimwona mama yule amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nikamrudisha ndani. Wiki ya kumi hamamuni wasomaji walianza kulalamika. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Mtoeni huyo mtu!" Nililia niliposoma, nikimwonea wivu Makame kwa kuwa na wa kumwombea.

Nadhani ni uchovu ulionifanya nicheze. Wiki moja sikuwa na cha kuandika, nikamfanya Makame asikie nyuma ya ukuta watu wawili wakibishana juu ya kufululiza, mmoja akisema ni kama mvua, mwingine akisema ni kama tasbihi. Nilicheka peke yangu nikiandika, kicheko cha kwanza tangu nivae nguo za eda. Jumanne kikapu kikashuka. Ijumaa Mwalimu Saada akasoma, akafika mahali hapo, akanyamaza. Miwani ilikuwa imemshukia puani. Alinitazama juu yake, muda mrefu, kisha akaruka mistari yote ile akaendelea na aya ya chini.

"Mbona umesita?" Bi Mize akauliza.

"Wino umefifia."

Alinifuata jikoni nilipokwenda kuosha vikombe. Hakupandisha sauti. "Haji kafa barua hata moja haijaandikwa," alisema. "Kayasikia wapi mabishano haya?"

Maji yalikuwa yakinichuruzika viwikoni.

"Tangu lini, Zuwena?"

"Tangu mwanzo, Mwalimu. Bahasha haina kitu."

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Mwambie Bi Mize mwenyewe," alisema mwisho. "Kuna watu mjini wanaosoma kwa makini kuliko mimi. Asije akaambiwa ngazini."

Eda ikaisha. Nilikoga, nikavaa kanga mpya, Bi Mize akanifukiza udi kwa mkono wake. Nilikuwa na barua ya kukubaliwa chuo cha ualimu, na mama yangu Mpendae alishanitayarishia chumba. Bi Mize hakunizuia. Hilo ndilo watu wasiloliamini nikiwasimulia. "Nenda mwanangu, usome," alisema. "Bado kijana. Bahasha tu iache, Mwalimu atakuwa akimpa Khatibu kidogo kidogo." Aliisema kwa wema. Mlango ulikuwa wazi, ngazi ilikuwa pale pale, na mimi nilishuka mpaka kwenye baraza la chini na begi langu, nikasimama juani nikiwatazama watu, kisha nikapanda tena nikasema kichwa kinaniuma, nitakwenda muhula ujao. Miezi minne na siku kumi nilihesabu siku za kutoka. Sasa hapakuwa na siku ya kuhesabu.

Nikaandika miezi mingine, mpaka mwaka wa hadithi ukakaribia kutimia, ndipo nikaenda kwa Bwana Khatibu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya gundi na wino, magazeti yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Nilimwambia yote nimesimama. Alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akaivaa tena.

"Nnajua," alisema. "Ile ya mvua na tasbihi, nimeipanga kwa mkono wangu herufi kwa herufi. Nitakosaje kujua?"

"Na ukaichapisha?"

"Nilidhani unapenda. Unaandika vizuri, Bi Zuwena, vizuri kuliko..." Hakumaliza. "Na watu wanaisubiri."

"Ukaniacha ndani," nilimwambia. Sikuwahi kusema na mtu mzima vile. Aliinamisha kichwa. Baadaye alinipa kazi, alinifundisha yote niyajuayo ya lugha, na nilimpenda kama mzee wangu. Lakini hata siku ya hitima yake, dua ilipokuwa ikisomwa, sehemu ndogo ya moyo wangu ilikuwa bado imesimama mbele ya meza ile.

Nilirudi moja kwa moja. Bi Mize alikuwa akichambua mchele ukumbini, ungo mapajani. Nikakaa chini mbele yake, nikaitoa bahasha, nikamwaga karatasi juu ya mkeka.

"Mama, hizi hazijaandikwa kitu. Haji hakuacha. Ninayeandika ni mimi."

Alichukua karatasi moja, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili. Akachukua nyingine. Alizipitia hivyo, moja moja, labda ishirini, huku mchele ukimwagika ungoni bila kuuona.

"Na bibi wa muhogo?"

"Ni mimi, mama."

"Na ile siku Makame alipomwomba Mungu asimsahau mama yake?"

"Ni mimi."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Aliziweka karatasi chini akazilinganisha kingo zake.

"Sasa yeye mwenyewe aliishia wapi?"

Nilileta gazeti la sehemu ya kumi na moja, nikamsomea mstari wa mwisho ambao Haji aliuandika kwa nyayo zake za kuku: Makame akasikia ufunguo ukizunguka, akajua kwamba yuko peke yake. "Basi?" akauliza Bi Mize. Nikasema, "Basi, mama. Hapo ndipo." Akanifanya niusome tena. Mara ya tatu alianza kulia, kwa sauti nisiyopata kuisikia, mpaka Mwalimu Saada akapanda ngazi mbio bila kiatu. Nilitaka kumshika, akausukuma mkono wangu. "Nnaye mwanangu wa kumlilia," alisema. "Nilikuwa sijapewa nafasi. Wewe ndiye uliyeninyima. Ondoka, Zuwena. Chukua nguo zako uondoke leo."

Niliondoka alasiri ile. Kule Mpendae nililala siku mbili. Siku ya tatu nikakaa nikaandika sehemu moja ya mwisho, bila bahasha na bila kikapu. Mlinzi alikuja kufagia, akafungua, akamkuta mtu, wakatazamana. Makame akatoka, jua likamchoma macho, akaenda zake kwa miguu. Kaka zake msichana sikuwataja. Bwana Khatibu aliichapisha ikiwa na jina langu, na chini yake maelezo mafupi kwamba marehemu aliandika sehemu kumi na moja na zilizobaki ni za mjane wake. Barua zilikuja nyingi, za matusi na za salamu. Nilianza chuo muhula uliofuata.

Kila mwezi nilikwenda Mji Mkongwe kumtaka radhi, na kila mwezi Mwalimu Saada alinikuta barazani akitikisa kichwa: bado. Mara ya tisa hakuwapo. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikasimama nje ya mlango. Harufu ya ndizi za nazi ilikuwa imejaa ngazini.

"Hodi. Shikamoo, mama."

Nikasikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili.

"Marahaba," alisema Bi Mize. Alikuja mpaka mlangoni. Alikonda, kanga yake ilikuwa kuukuu, na macho yake yalinitazama usoni kama anayetafuta kitu alichokisahau. "Sijakusamehe," alisema. "Nnataka ulijue hilo kabla hujakaa. Bado nna hasira na wewe."

"Nnajua, mama."

"Nawa mikono, basi. Chakula kinapoa."